Mapumziko ya Aleksandria

Jumapili, 18 Februari 2024

Nimepima ramani ya Selestine kwa futi yangu ya kushonea. Bukoba hadi Aleksandria: sentimita thelathini na sita. Suruali ya mtoto wa chekechea! Nimemwita aone. Ameanza kunieleza kipimo cha ramani, milioni ngapi kwa sentimita ngapi, hadi maharage yakashika chini. Mume mwalimu wa jiografia usimwonyeshe ramani kama una chungu jikoni.

Yote ameyaanzisha Rosalina. Huu mwaka wake wa pili huko Misri, anasomea mambo ya samaki. Leo ametuma sauti nne kwenye WhatsApp. Mwezi wa sita wenzake wa nyumba wanarudi makwao, vyumba viko wazi, na baba yake atakuwa amefunga shule. Mama, njooni mapumziko. Mlale kwangu, mle kwangu, mwone bahari.

Nimezisikiliza mara tatu. Ya pili ndiyo tamu. Anatembea huku anaongea, upepo unapiga simu. Anasema kuna barabara inafuata bahari mji mzima, inaitwa Kornishi, na jioni watu wote wanashuka kukaa ukutani, wazee, wachumba, watoto, hawafanyi kitu. Wanatazama maji tu. Wanakula mahindi ya kuchoma kama sisi. Kuna treni ndogo za kizamani zinapita katikati ya mitaa, na maktaba kubwa ya mviringo imelala kwa ubavu kama ungo.

Hawafanyi kitu! Mimi nimelala nje ya Kagera mara nne. Mwanza harusi, Mwanza mgonjwa, Mwanza msiba, Kampala vitambaa. Sijawahi kufunga begi ili niende nikakae.

Jumanne, 20 Februari 2024

Dukani mvua tupu. Nimeshona sare mbili tu. Agnetha wa viatu, jirani yangu hapa Miembeni, ameisikia habari yangu na kabla ya saa sita Miembeni nzima imeisikia. Anauliza nitaogelea na nini. Nimemwambia na miguu.

Lakini nimechora gauni. Kitambaa chepesi, rangi ya maji ya asubuhi, mikono mipana upepo uingie. Nimejipima kiuno mwenyewe nikaandika namba ya uongo. Nikaifuta. Fundi akijidanganya, gauni litamuumbua.

Orodha ya vitu vya Rosalina: senene wa kukaanga kopo mbili, kahawa ya kutafuna, asali. Niliandika na ndizi, Selestine akazikata kwa kalamu nyekundu. Eti uwanja wa ndege watazitupa. Mtu anatupaje ndizi?

Jumamosi, 24 Februari 2024

Muleba. Tumekwenda kumuaga Ma Anatolia mapema, maana mkwe wangu hapendi kusikia habari zake kwa watu. Miaka sabini na mitatu. Tumemkuta anapogoa migomba. Kibanja chake hakina jani kavu linaloning'inia. Ukitoka pale unajionea aibu nyumbani kwako Nshambya. Ametupa kahawa ya kutafuna mlangoni, ndipo akatuacha tuingie.

Nimemweleza mimi, kwa Kihaya, vizuri. Nilipofika kwenye jambo lenyewe nikakosa neno. Kihaya tuna neno la kwenda harusini, kwenda matangani, kwenda kuomba mchumba. La kwenda kukaa bure sikulipata. Basi nikaliacha kwa Kiswahili: tunakwenda mapumziko, Maama. Aleksandria, Misri.

Ameweka kisu chini.

Akauliza: mapumziko? Kule maji yetu yanakoishia? Selestine akasema ndiyo, kulekule. Ma akafanya ishara ya msalaba, taratibu, kama yuko kanisani. Akasema kwa heshima, "Nitakuja, waitu."

Basi! Mwanamke ambaye hajavuka Biharamulo. Hakuuliza ndege inaanguka au haianguki, hakuuliza watakula nini huko. Mimi nilihitaji sauti nne mara tatu. Yeye neno moja. Nimependa hadi nikacheka peke yangu njiani. Selestine yeye anasema mama yake hajawahi kukubali jambo lolote kabla ya kulilalia siku mbili.

Tulipotoka tulipita kaburi la Privatus, ndugu yake Selestine. Ma alitusindikiza, akalipita kama mtu anavyopita kisiki. Nimeshazoea. Miaka kumi na miwili sasa. Shemeji yangu alikuwa anarudi kutoka visiwani na dagaa zake. Mtumbwi ulipatikana, wenzake wawili walipatikana, yeye hapana. Ukoo ulisubiri wiki tatu, kisha wazee wakaamua: tukazika mgomba badala ya mwili. Tukaufunga, tukaulaza kwenye jeneza, padri akasali, watu wakalia kweli. Ma hakutupa udongo. Hajawahi kung'oa hata jani moja pale, yeye asiyevumilia jani kavu. Nyasi za kaburi lile huzing'oa Selestine tukija.

Jumatatu, 26 Februari 2024

Rosalina kapiga kelele kwenye simu. Bibi anakuja! Atampa kitanda chake, cha dirishani, bahari inaonekana kidogo ukisimama. Ametuma picha ya dirisha. Kweli inaonekana. Mstari wa bluu, upana wa utepe wa shingo.

Pasipoti: mimi ninayo ya Kampala, Selestine anayo ya semina. Ma hana hata cheti cha kuzaliwa. Ana cha ubatizo.

Alhamisi, 7 Machi 2024

Ma ametokea dukani peke yake, saa nne asubuhi, na mwavuli. Amepanda basi Muleba bila kumwambia mtu. Nimemwekea kiti, Agnetha kaleta chai, na Ma akakaa akinitazama nikishona. Kisha akasema mkono wangu umekuwa mwepesi kuliko zamani. Miaka ishirini na sita ya ndoa, hiyo ni sifa ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya mchuzi.

Ametoa kwenye mfuko kitambaa cha marekani, cheupe, mita nne. Anataka shuka la kwenda nalo Misri. Nikafurahi. Rosalina alisema watu hutandika shuka mchangani. Nikamtania: Maama, utajilaza ufukweni kama watalii? Hakucheka. Akasema si la kulalia yeye. Nikajua ni zawadi ya mjukuu.

Sharti moja. Nisilipige pindo. Nimemweleza kwamba shuka bila pindo litachanika nyuzi, kwenye upepo wa bahari halitadumu siku mbili. Akasema, "Pindo usipige, mwanangu." Nimekata, nimekunja, nimeweka kabatini. Kama fundi limeniuma.

Amelala kwetu. Wakati wa chakula akamtaka Selestine amweleze tena njia ya maji. Tena, amesema. Selestine akachora mezani kwa kidole chenye mchuzi: ziwa letu, Jinja, ziwa Kyoga, ziwa Albert, Sudan Kusini, Khartoum, Misri, bahari. Ma alirudia kila jina. Akauliza maji hutumia siku ngapi. Mume wangu leo alikuwa mzuri! Amefundisha miaka thelathini na moja, na sidhani kama aliwahi kupata mwanafunzi wa namna ile.

Jumapili, 17 Machi 2024

Acha niandike.

Tulikwenda Muleba tangu jana, leo tumesali na Ma parokiani kwake. Misa ya kawaida ya Kwaresima, ya Kiswahili. Kwenye maombi wakataja marehemu wa jumuiya, na kanisa zima likaitikia: raha ya milele uwape ee Bwana, wapumzike kwa amani. Ma akanishika kifundo cha mkono. Alikaza. Akaninong'oneza: mwezi wa sita.

Sikuelewa. Nikamtazama. Macho yake yalikuwa yanameremeta, na alikuwa anatabasamu, na midomo inarudia ile ile: wapumzike, wapumzike.

Ndipo nikaelewa. Kiswahili cha Ma ni cha kanisani. Hakukipata shuleni wala sokoni. Alikipata kwa katekista, kwenye sala na mazishi. Mapumziko kwake si Kornishi. Mapumziko ni kaburini. Mimi nilikaa kwenye jamvi lake nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba tunakwenda mapumziko Misri, kule maji yetu yanakoishia. Akasikia kwamba hatimaye, baada ya miaka kumi na miwili, tunakwenda kumpumzisha Privatus.

Na shuka. Sanda haipigwi pindo! Mimi fundi. Mimi niliyeshika mkasi.

Nimeona aibu ambayo sijui niiweke wapi. Nilikuwa naongea habari ya gauni la mikono mipana.

Usiku nimemwambia Selestine. Amekaa kitandani na kiatu kimoja. Anasema mwezi ule wa kwanza wa msiba, Ma alipokuwa hali wala halali, anakwenda ziwani kila asubuhi kusimama tu, yeye alitafuta la kumwambia akakosa. Akamwambia analolijua. Maama, maji ya ziwa hayakai. Yanatokea Jinja, yanakwenda, yanaishia baharini Misri. Alitaka aache kusimama pale kwenye baridi. Na kweli aliacha. Selestine alidhani amepona.

Kumbe alikuwa anangoja nauli.

Ijumaa Kuu, 29 Machi 2024

Hatukupika. Mvua.

Tumebishana kwa sauti ya chini kutwa nzima. Rosalina tulimwuliza bila kumwambia sababu, na mtoto kwa furaha ya kuulizwa akajibu dakika sita. Maji mengi ya huku kwetu hupotea kwenye madimbwi makubwa ya Sudan Kusini, jua huyanywa. Yanayobaki huchanganyika na mengine, kusini mwa Misri yanazuiwa na bwawa la Aswan, kisha yanagawiwa mashambani. Yanayofika baharini ni kidogo sana. Akamalizia: Baba, si ulitufundisha mwenyewe?

Aliwafundisha. Alijua siku zote. Darasani anasema habari ya bwawa. Kwa mama yake aliliruka.

Mimi nasema tunyamaze. Twende, asimame ukutani na wenzake wote wanaotazama maji, alitandaze shuka lake, asali, arudi ameshusha mzigo. Nani ataumia? Bahari ni bahari.

Selestine amesema hapana. Amesema, "Tulishamzikisha mgomba mara moja. Tumzikishe tena?"

Nilikasirika kwa sababu hakuwa na kosa. Nimekwenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Naogopa jambo moja tu. Tukimwambia, hatakwenda. Atarudi kusimama ziwani, na safari hii hakuna la kumwambia.

Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 2024

Amemwambia.

Baada ya chakula, barazani, Ma anamenya ndizi za jioni. Selestine alikaa chini, kwenye jamvi, si kwenye kiti chake. Mtu wa miaka hamsini na nane. Alieleza yote kwa Kihaya, hakuficha. Madimbwi, jua, bwawa, mashamba ya watu. Kwamba wakati ule alimwambia nusu. Alisema, Maama, maji mengi hayafiki.

Mimi nilikuwa nahesabu maganda. Ma hakusimamisha kisu. Alimenya moja, akamenya ya pili. Nikajua safari imekufa, na mtu naye labda.

Kisha akasema, "Mengi. Hukusema yote."

Selestine akasema hapana, si yote. Kidogo hufika.

"Basi tutakwenda kwa hicho kidogo."

Na akaniomba nichochee moto.

Nimekuwa mkwe wa huyu mama miaka ishirini na sita. Nilidhani namjua: mkali wa majani makavu, mchache wa sifa. Sikujua kitu. Sisi wawili, mwalimu na fundi, tulikesha wiki mbili tukipanga namna ya kumbebea ukweli asianguke, na yeye ameupokea kwa mkono mmoja, wa pili una kisu. Nampenda. Sijawahi kuliandika hilo.

Wakati wa kuondoka nimemweleza na kosa langu la neno. Kwamba mapumziko niliyosema mimi yalikuwa ya kukaa tu, kula samaki, kutazama watu. Amecheka! Amecheka hadi akashika mgomba. Akasema hayo nayo tutayafanya, Privatus alikuwa mvivu, angependa.

Jumanne, 16 Aprili 2024

Naandika hapa hapa, benchi la ofisi ya uhamiaji, Bukoba. Kalamu ya Selestine.

Tumefika saa mbili. Ma kavaa gomesi lake la Krismasi. Fomu nimejaza mimi jana, na kwenye sababu ya safari nilikaa na kalamu muda mrefu. Nimeandika: mapumziko. Ni kweli kwa namna zote mbili.

Afisa ni binti mpole, amemwamkia Ma vizuri, amemwuliza kijiji, baba, babu. Ma amejibu yote amenyooka. Kisha binti akaomba cheti cha ubatizo. Ma akafungua mfuko wake wa plastiki, akatoa vyeti viwili, akaviweka mezani kimoja juu ya kingine, akavinyoosha kwa kiganja.

Sikujua kuhusu cha pili. Selestine naye hakujua, nimemwona akinyoosha shingo.

Binti amesoma. Bibi, huyu Privatus ni nani? Mwanangu, Ma akasema. Naye anasafiri?

"Yeye alitangulia."

Binti hakuelewa. Wa mjini, au amechoka, au Ma alilisema kwa utulivu mno, kama mtu aliyetangulia kituoni kushika nafasi. Akachukua kalamu. Alitangulia lini? Miaka kumi na miwili. Yuko Misri mpaka leo? Ma akasema ndivyo alivyofundishwa, ingawa ni kidogo tu. Binti akakunja uso kidogo. Alipita mpaka gani, bibi? Mutukula? Rusumo?

Ma akageuka akamtazama Selestine. Hakuwa na wasiwasi. Alimtazama kama mtu anayemwachia mwenye kujua ajibu.

Mimi nilifungua mdomo niseme. Afisa, samahani, huyo ni marehemu. Maneno matano, nilikuwa nayo. Yalikataa kutoka mbele ya Ma.

Na mume wangu, ambaye hawezi kuruka koma kwenye daftari la mtoto, amesema:

"Jinja."

Binti ameandika. Kisha ameinua kichwa. Akasema Jinja si mpaka.

Selestine akasema anajua.

Binti akamtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama kile cheti. Amekishika kwa mikono miwili. Akatuomba tusubiri nje, akaingia chumba cha ndani kwa mkubwa wake, na mlango haukufungwa vizuri. Namsikia anaongea lakini si maneno.

Nimemwuliza Ma kwa nini alileta cheti cha Privatus. Amesema kule ni ugenini, watu wa kule watamjuaje?

Sasa ametoa kahawa, ametugawia, mbili mbili. Tunatafuna. Selestine amefunga macho. Ma amemgusa goti, anamwuliza, na baada ya Jinja?

Kyoga, anasema. Baada ya Kyoga, Albert. Ma anarudia naye kila jina, polepole. Wamefika Khartoum. Mlango wa ndani umefunguka, binti anakuja na mkubwa wake, cheti bado kiko mikononi mwa binti, na Ma amewainulia kidole wangoje kwanza, bado majina mawili